Sheria ya Tatu ya Gunvor

Gunvor Lidström alikuwa na sheria saba. Alizitunga mwenyewe, akaziandika kwa kalamu ya wino kwenye meza yake ya jikoni, kisha hospitali ikazipiga chapa na kuzibandika ukutani katika chumba namba nne. Sheria ya kwanza: nawa mikono mbele ya mgonjwa, akuone. Ya pili: usimguse kabla hujamwambia unakwenda kumgusa wapi. Ya tatu ndiyo aliyoipenda kuliko zote, na ndiyo iliyokuja kumponza: usitoe neno lolote juu ya umbile lake. Ukimaliza kutazama, sema kwamba kila kitu kinaonekana chema, kisha endelea na kazi.

Siku za kawaida alikuwa mpishi wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka sitini na moja anayechemsha viazi vya watoto mia tatu na kuwagombeza wanaobakiza samaki. Lakini mara tatu kila muhula alipanda kilima hadi hospitali kubwa ya mji, akavua nguo kuanzia kiunoni, akapanda kile kiti chenye mihimili ya miguu, na wanafunzi wa udaktari wakajifunza kwake jinsi ya kumpima mwanamke. Si kwa maiti, si kwa sanamu la mpira. Kwa mtu mzima anayeongea, tena anayeongea sana.

"Nitajie unachokiona," angemwambia mwanafunzi, naye amejilaza kama mtu aliyeko kwa kinyozi.

"Naona... huku chini..."

"Huku chini ni wapi, mwanangu? Sakafuni?"

Wanafunzi wangecheka, mabega yakawalegea, na hapo ndipo somo lilipoanza. Gunvor aliwataka wataje kila kitu kwa jina lake na kwa sauti ya kawaida: kinena, mashavu ya nje, midomo ya ndani, kinembe na kile kifuniko chake cha ngozi, tundu la mkojo, mlango wa uke, msamba. Aliyeng'ata ng'ata maneno alirudishwa mwanzo. "Kinembe si tusi," aliwaambia. "Huwezi kukitaja, basi nenda kawe daktari wa meno." Msichana mmoja wa mji wa Gävle alilirudia neno lile mara sita hadi likatoka bila kumpandisha damu usoni.

Watu walimwuliza, wale wachache walioijua kazi hiyo, anapata wapi moyo. Aliwajibu kwa mzaha. Ukweli ni kwamba alikuwa na donda la rohoni la tangu ana miaka kumi na tisa. Mwaka huo daktari mmoja mzee alimtanua miguu mbele ya wanafunzi sita, wote wanaume, akaelekeza kalamu na kusema: "Oneni huyu, midomo ya ndani imepita ya nje. Kitambaa kimezidi." Wakacheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, kilikuwa cha puani, cha watu wenye adabu zao. Gunvor alikibeba kicheko kile miaka thelathini. Aliolewa, akazaa, akazika mume, na siku zote hizo hakuwahi kukubali taa ya chumbani iwake.

Kwa hiyo aliposoma kwenye gazeti la mkoa kwamba chuo kinatafuta wanawake wa kufundishia, alikaa na gazeti lile wiki nzima, kisha akapiga simu. Aliapa kwamba katika mji huu hatatoka tena daktari wa kumcheka mwanamke aliyelala mbele yake. Na akaitimiza ahadi hiyo. Kwa miaka kumi na moja wamepita mikononi mwake madaktari zaidi ya mia mbili na hamsini, na leo wako kila mahali, kuanzia Ystad kusini mwa Uswidi hadi Kiruna kaskazini, hakuna hata mmoja anayecheka. Alijivunia jambo hilo kuliko watoto wake, na aliwahi kuwaambia watoto hivyo, wakanuna.

Mwalimu wa somo alikuwa Solveig Hjelm, daktari bingwa wa wanawake, rika lake. Solveig alisimama upande wa kichwani, mkono wake juu ya bega la Gunvor, macho yake kwa wanafunzi. Hakuwahi kuja upande wa miguuni. Huo ndio ulikuwa utaratibu: mwanafunzi asijione anachungulia huku mkubwa anamchungulia yeye, na mwenzako wa kazi, ambaye baada ya saa moja mtakunywa naye kahawa na maandazi ya mdalasini, humtazami uchi bila sababu. Waliuona utaratibu huu kuwa ni heshima, na ilikuwa heshima kweli.

Muwasho ulimwanza kwenye baridi ya mwaka juzi. Gunvor akazilaumu soksi ndefu za sufu zinazofika kiunoni. Alipoziacha, akailaumu sabuni ya kufulia, na alipobadilisha sabuni akaulaumu umri. Kukojoa kulimchoma siku nyingine, siku nyingine hakukumchoma. Barua ya kumwita kwenye uchunguzi wa kawaida ilipokuja, aliitia kwenye pipa la karatasi bila kuisoma mara mbili.

"Mwanamke gani Uswidi hii anatazamwa kama mimi?" alimwambia dada yake kwenye simu. "Kila muhula wananitazama watu kumi na wawili, taa imewashwa, kiti kimeinuliwa. Kungekuwa na kitu wangekiona."

Wala hakukosea. Walikiona.

Siku mambo yalipofumuka ilikuwa ya mwezi wa tatu, theluji inadondoka vipande vipande kutoka paani. Wanafunzi walikuwa wanne, na wa mwisho kukaa kwenye kigoda aliitwa Jouni Kangas, mtu wa bonde la mto Torne, miaka arobaini na moja, ambaye kabla ya udaktari aliendesha gari la wagonjwa miaka kumi na mitano. Alikuwa na sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Wenzake watatu walikuwa wameshapita. Wote watatu walikuwa wametaja, wametazama, na wamesema kwamba kila kitu kinaonekana chema.

"Haya Jouni, nitajie."

"Kinena. Mashavu ya nje, kulia na kushoto. Midomo ya ndani, wa kushoto upo, wa kulia..." Akasogeza kigoda mbele.

"Usiogope, kaka. Hakiumi."

"Gunvor, hiki kidonda unacho tangu lini?"

Mkono wa Solveig ukakaza begani. "Jouni. Sheria ya tatu."

"Sheria ya tatu nimeisoma, iko pale ukutani. Mimi nauliza kidonda."

"Tutaongea nje, baada ya somo."

"Nje kuna nani? Mwenye mwili yuko hapa."

Wale watatu wengine walikuwa wanatazama viatu vyao. Gunvor aliona namna walivyotazama viatu, akajua kabla hajaambiwa. Aliomba miwani yake. Siku zote aliivua kabla ya kulala kwenye kiti, akaiweka mezani pamoja na saa na pete, na kioo cha mkononi alikishika kwa ajili ya kuwaonyesha wanafunzi jinsi ya kumshikisha mgonjwa, si kwa ajili ya kujitazama. Bila miwani alichokiona kiooni ni wekundu tu wa jumla. Sasa aliivaa, akakielekeza kioo, na Jouni akamrekebishia taa bila kuambiwa.

Mdomo wa ndani wa upande wa kulia ulikuwa umekwisha. Ule ambao yule mzee alisema umezidi, sasa haupo, umenyauka na kugandana na shavu la nje. Ngozi ya pale ilikuwa nyeupe, nyembamba, yenye mikunjo midogo, na juu kabisa, ubavuni mwa kinembe, palikuwa na kidonda chekundu chenye kingo zilizoinuka, upana wa sarafu ndogo.

"Solveig, zunguka huku," alisema.

Solveig akazunguka. Alitazama kwa muda wa pumzi mbili, na ule uso wa mwalimu ukamtoka wote. "Vaa nguo, shoga yangu," alisema. "Nakuita mtu wa kukukata kipande kidogo cha kupima. Leo hii hii."

Baada ya wiki tatu jibu lilikuwa mezani kwa daktari wa upasuaji, mwanamke mwembamba anayeitwa Malin Rask. Malin hakuwa mtu wa kuzunguka. Alichora kwenye karatasi, akamwonyesha kwa kalamu: hii ni saratani, imeanzia kwenye ugonjwa wa ngozi ambao ulikuwepo muda mrefu. Itabidi kuondoa shavu la kulia, mabaki ya mdomo wa ndani, na kinembe. Kushoto patabaki. Tezi za kinena nazo watazipima.

"Kinembe chote?"

"Chote kinachoonekana, na sehemu ya kile kisichoonekana. Kidonda kimekikaribia mno."

"Ningekuja mwaka mmoja na nusu uliopita?"

Malin aliiweka kalamu. "Gunvor, maswali hayo hayamsaidii mtu."

"Mimi yananisaidia. Sema."

"Ilipokuwa ngozi nyeupe tu, kuna dawa ya kupaka. Tungekuwa tunakuangalia kila baada ya miezi kadhaa. Na kama kingejitokeza kidonda hata hivyo, ningekata kipande kidogo kama ukucha, jioni uko nyumbani kwako."

Gunvor aliikunja ile michoro, akaitia mkobani, akasema asante. Alitoka pale hajalia. Badala ya kuteremka kwenda kituo cha basi alipanda ghorofa mbili hadi ofisini kwa Solveig, akaingia bila kubisha, jambo ambalo katika nchi ile ni karibu na kuvunja mlango.

"Nataka zile karatasi za wanafunzi," alisema.

Kila baada ya somo wanafunzi waliandika ukurasa mmoja kwa mwalimu: nimejifunza nini, nimeshindwa wapi, kipi kimenishangaza. Solveig alizipitia na kuzihifadhi kwenye majalada ya rangi ya chungwa. Gunvor mwenyewe hakuzisoma kamwe. Yeye aliandika kadi ndogo kwa kila mwanafunzi, maneno mawili matatu ya kumsifu au kumnyoosha, akampa mkononi, basi.

"Siwezi, Gunvor. Ni siri za wanafunzi."

"Siri za wanafunzi juu ya nini? Juu ya nani?"

Solveig alimimina kahawa. Alitoa na maandazi, mkono ukifanya ulichozoea. Gunvor hakuigusa kahawa. Alisimama palepale na koti lake, theluji ikiyeyuka kwenye zulia, mpaka Solveig akainuka mwenyewe na kuyashusha majalada matatu.

Walisoma pamoja, bega kwa bega kama wanaosahihisha mitihani. Kutoka baridi ya mwaka juzi hadi Jouni zilikuwa karatasi arobaini. Kumi na mbili zilitaja. *Niliona weupe upande mmoja lakini nadhani ni kawaida, tumefundishwa kwamba kila mwanamke ana umbile lake.* *Niliona mpasuko mdogo, sikutaka kumtia aibu.* *Nilidhani ni sehemu ya somo, kwamba tunapimwa kama tutanyamaza.* Huyu wa tatu alikuwa ameipigia mstari sentensi yake mwenyewe, kwa rula.

Ya kwanza kabisa ilikuwa ya mwezi wa kumi, mwaka mmoja na nusu nyuma, mwandiko mdogo ulionyooka. *Mdomo wa ndani wa kulia ni mweupe na umeanza kushikana na wa nje. Sijui kama anajua. Nilitamani kumwuliza lakini sheria ya tatu ilinizuia. Je, ningefanya nini?* Chini yake palikuwa na alama ya vema ya kalamu nyekundu, na neno moja la Solveig: *Vizuri.*

"Ameuliza swali," Gunvor alisema. "Amekuuliza swali, Solveig. Kuna alama ya kuuliza hapa."

"Sikuisoma." Solveig alikuwa mweupe hadi midomoni. "Zinarundikana, nazipitia zote kwa mkupuo mwisho wa muhula. Naziangalia tu kama zimejazwa. Natia vema."

"Miaka kumi na moja umesimama kichwani kwangu unanipapasa bega."

"Nilikuwa nakuheshimu!"

"Ungenidharau kidogo! Ungechungulia siku moja, mwanamke wewe! Daktari bingwa mzima, hatua mbili tu kutoka kichwani mpaka miguuni, umeshindwa kuzitembea!"

Solveig alianza kulia. Gunvor alimtazama, na kwa mara ya kwanza hakuhisi haja ya kumpa leso. Alikuwa na sababu ya kuchukia na aliishikilia kwa mikono miwili, maana ukiitoa hiyo kilichobaki ni wiki ijayo na kisu cha Malin. Akaligeuza jalada, akasoma jina juu ya ukurasa.

"Tuva Eklöf. Yuko wapi huyu?"

"Yuko hapa hapa. Amemaliza masomo, yuko wodi ya ghorofa ya pili."

"Mwite."

"Gunvor, yule ni mtoto..."

"Mwite, au niteremke mimi nimwite kwa sauti ya jikoni."

Tuva alikuja baada ya robo saa, koti jeupe, kalamu nne mfukoni, nywele zimefungwa haraka haraka. Alipoiona karatasi mezani alijua. Watu wa nchi ile ni watu ambao husimama nyuma ya mlango wao wakisubiri jirani amalize kushuka ngazi ili wasilazimike kusalimiana, lakini msichana huyu hakurudi nyuma, na Gunvor alimpa sifa hiyo moyoni hata katika ghadhabu yake.

"Uliona," Gunvor alisema.

"Niliona."

"Ukasema kila kitu ni chema."

"Nilisema."

"Nina saratani, Tuva. Alhamisi wananikata. Nataka uniambie, na usinipambie: kwa nini hukufungua mdomo? Ulikuwa na wasiwasi hadi ukaandika. Ulijua. Kwa nini?"

Tuva alitafuta mahali pa kuweka mikono yake. Mwishowe aliiingiza mfukoni, akatoa pochi ya kadi zake, na kutoka nyuma ya kitambulisho cha hospitali akachomoa kadi ndogo iliyolegea pembe. Gunvor aliutambua mwandiko kabla hajainyakua kadi. Ulikuwa wake, wino wake wa bluu. *Mikono myepesi, mdomo uliotulia. Leo sikujiona nimetazamwa hata kidogo. Wewe ndiye bora wa muhula huu. Kaa hivyo hivyo. G.*

"Nilikuwa nafeli kila kitu mwaka ule," Tuva alisema. "Nilitaka kuacha. Hii ndiyo iliyonibakiza. Nilipotoka chumbani nilikuwa nimekusudia kurudi nikwambie, nakuapia, nilikuwa nimeshashika kitasa. Halafu nikaisoma."

Solveig alikuwa ameacha kulia. Gunvor aliisoma kadi mara ya pili, na ile hasira aliyokuwa ameishika kwa mikono miwili ikakosa wa kurushiwa. Alijiona bado ni yule wa miaka kumi na tisa, akimlipizia kisasi yule mzee wa kalamu, na gharama akiilipa kwa mwili wake mwenyewe, kwa furaha, huku akitoa zawadi kwa kila aliyemsaidia. Alivuta kiti akakaa na koti lake. Kisha likaja jambo jingine nyuma ya hilo, akamgeukia Tuva.

"Ukakaa hivyo hivyo," alisema.

Tuva aliirudisha pochi mfukoni.

"Kiangazi kilichopita ulishika zamu mahali, si ndiyo? Wote mnashika zamu kiangazi."

"Kituo kimoja cha afya, huko milimani. Wiki nane."

"Uliwapima wanawake?"

"Ndiyo."

"Peke yako? Bila mwalimu?"

"Ndiyo."

"Na uliona kitu?"

Msichana aliitazama karatasi yake mezani, mwandiko wake mwenyewe ulionyooka. "Wawili," alisema. "Mmoja alikuwa mama mzee, ana ng'ombe. Mmoja alikuwa wa umri wangu. Nilijiambia ni umbile tu."

"Ukawaambiaje?"

"Kwamba kila kitu kinaonekana chema." Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. "Waliondoka wamefurahi, Gunvor. Yule mzee alinikumbatia."